Kosa Lisilo na Nasaba ni Doa Tu

Kuna stempu ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria. Toleo la 1935 lilibeba kichwa cha Mfalme George V. Toleo la 1938 likabeba cha mwanawe, George VI, na jahazi likabaki palepale. Chukua lenzi uitazame kamba ya tanga la kushoto. Katika baadhi ya stempu kamba hiyo imefika kwenye tanga na kushikana nalo. Katika nyingine imekomea njiani, pakabaki mwanya mwembamba kama unywele. Mtu aliyekulia Lamu au Bagamoyo atacheka, maana chombo chenye kamba ya namna hiyo hakiendi popote. Mkusanya stempu hacheki. Yeye anauliza kwanza: ni ya senti 5 au ya senti 50?

Ana sababu ya kuuliza. Katika stempu ya senti 5 ya 1935, kamba isiyofika ndiyo ya kawaida, kwa kuwa ndivyo ilivyochapwa tangu mwanzo. Kamba iliyoshikana ilikuja baadaye, mwaka 1937, na ndiyo inayouzwa ghali. Katika stempu ya senti 50 ya 1938 mambo yamegeuka: kamba iliyoshikana imejaa kila mahali, na isiyoshikana inatoka katika nafasi moja tu ya karatasi nzima ya stempu. Hapo isiyoshikana ndiyo inayotafutwa kwa tochi. Jahazi ni lile, mwanya ni ule, na bei zimepeana migongo.

Nimeanza na kamba hiyo kwa makusudi, maana peke yake inatosha kuitia ufa imani iliyoenea sana miongoni mwetu: kwamba stempu ya zamani ikiwa na kosa la uchapaji, mwenye nayo ameokota dodo chini ya mnazi. Wiki chache zilizopita kijana wa jirani alinijia na albamu ya marehemu babu yake, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

Akaifungua penye stempu moja ya Mfalme, yenye kitone cha wino karibu na sikio. “Hii ina kosa. Nimeambiwa isiuzwe chini ya milioni kumi.”

Hakusema ni nani aliyemwambia, wala sikumuuliza, kwa kuwa watu hao nawafahamu. Ni watu wema wanaorudia walichosikia. Wala walichosikia hakikuzuka hewani. Yapo makosa ya uchapaji yaliyouzwa kwa fedha ya kujengea ghorofa. Kosa lao ni katika kuchora sababu: wameona stempu yenye kosa, wameona fedha, wakadhani cha kwanza kimezaa cha pili. Hoja yangu ni kwamba kosa halizai thamani. Kinachozaa thamani ni nasaba ya kosa hilo, yaani kujulikana limetoka kwenye bamba lipi, katika nafasi ipi, ndugu zake ni wangapi, na nani analishuhudia. Kosa lisilo na nasaba ni doa tu, hata likiwa pekee duniani.

Tuanze kiwandani, maana wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Stempu haichapwi moja moja. Kwa zile za kuchongwa, fundi huchonga mchoro mmoja kwenye kipande cha chuma. Mchoro huo huhamishiwa kwenye rola, na rola ikakandamizwa kwenye bamba kubwa mara nyingi, kila mara katika nafasi mpya. Karatasi moja inapotoka mashinini ina stempu sitini, mia, au zaidi, na kila moja ina nafasi yake: safu ya ngapi, ya ngapi kutoka kushoto. Rola ikiteleza nafasi fulani ikabidi irudiwe, mistari ya stempu hiyo itakuwa na kivuli. Bamba likikwaruzwa, mkwaruzo utachapwa. Fundi akija kulitengeneza kwa mkono, mkono wake nao utachapwa. Kasoro ya aina hii inajirudia katika kila karatasi inayotoka kwenye bamba hilo, mahali palepale, mpaka bamba litengenezwe au litupwe. Hiyo ndiyo kasoro ya kudumu.

Sasa fikiria jambo jingine. Kipande cha uzi kimeangukia bamba asubuhi moja, kikaacha weupe kwenye karatasi tatu, kikang’oka. Wino umeruka, ukaacha kitone. Karatasi imejikunja pembeni. Hizo ni kasoro za kupita. Mashine ya uchapaji inazizaa kama jiko linavyozaa majivu, na hakuna mbili zinazofanana. Hapa ndipo imani ya mtaani inapojikwaa vibaya zaidi, maana yenyewe inasema: “Lakini hii iko moja tu!” Naam, iko moja. Na mkwaruzo ulio kwenye kiatu changu cha kushoto nao uko mmoja tu duniani. Upekee ni kitu rahisi mno kupatikana. Kigumu ni kitu kichache kinachoweza kuthibitishwa, chenye watu wanaokijua na kukitafuta. Kitone cha wino hakiwezi kuthibitishwa kwamba kilitoka kiwandani na si kwenye kalamu ya karani wa posta, wala hakuna mkusanyaji mwenye nafasi tupu kwenye albamu yake inayokisubiri.

Kasoro ya kudumu, kinyume chake, inasubiriwa. Mwaka 1935, Mfalme George V alipotimiza miaka 25 katika kiti, makoloni mengi ya Uingereza yalitoa stempu za mchoro mmoja wenye Ngome ya Windsor, na Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwemo. Bamba la picha ya ngome lilitumika kwa zaidi ya koloni moja; lililobadilika lilikuwa fremu yenye jina la nchi na bei. Basi kasoro iliyokuwa kwenye bamba la ngome ilisafiri kutoka koloni hadi koloni. Wakusanyaji wamezipa kasoro hizo majina, na majina yenyewe yana ucheshi: mstari wa mshazari kando ya mnara, nukta kushoto mwa kanisa, mlingoti wa ziada wa bendera. Mstari ule wa mnarani umo pia katika stempu zetu za Afrika Mashariki. Ni kiunywele tu, huwezi kukiona bila lenzi. Lakini kina jina, kina nafasi, na kina ndugu katika nchi nyingine. Ndiyo maana stempu yenye mstari huo huuzwa kwa bei ya mara nyingi zaidi ya mwenzake asiye nao, na kitone cha kijana wangu, kinachoonekana kutoka upande wa pili wa meza, hakina mnunuzi.

Zanzibar inatupa mfano wa karibu zaidi. Novemba 1895, Waingereza walipochukua huduma ya posta kutoka kwa utawala wa India, hawakuwa na stempu za Zanzibar. Walichukua stempu za India zenye picha ya Malkia Victoria, zikachapwa juu yake neno “Zanzibar” palepale kisiwani, katika mtambo wa gazeti la serikali. Herufi zilikuwa za risasi, zikipangwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Anayepanga herufi za risasi anazisoma zikiwa kinyume, na b na d katika hali hiyo ni mapacha wa kumchanganya mtu. Ndivyo alivyozaliwa “Zanzidar”. Kisiwa kikapewa jina ambalo hakuna nahodha aliyewahi kulisikia, na karatasi zikauzwa dirishani kama kawaida.

Angalia kinachoifanya “Zanzidar” iwe ghali. Si kichekesho cha jina. Ni kwamba herufi ile ya d ilikaa mahali maalumu kwenye fremu ya chapa, kwa hiyo inajulikana ni nafasi ipi ilikuwa na kosa na jirani zake walikuwaje. Mtu anapoleta “Zanzidar”, mtaalamu hatazami d peke yake. Anatazama umbo la Z, umbali kati ya herufi, namna wino ulivyokaa juu ya mhuri wa posta au chini yake. Stempu ya India iliyo chini ni halali na huenda ikanunuliwa kwa bei ya kikombe cha chai. Kinachohitajika kwa tapeli ni neno moja tu la juu. Na matapeli hawakuchelewa. Ndiyo sababu stempu hizi bila cheti ni kama hati ya shamba bila mihuri: inaweza kuwa ya kweli, lakini hakuna atakayekulipa bei ya kweli.

Mambo yalikuwa vilevile Mombasa. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo zilipopungua, maofisa walichukua stempu za thamani nyingine, wakabadilisha bei kwa muhuri au kwa kalamu, na kutia herufi za majina yao: A.D. au V.H.M. Stempu hizo ni ghali, na hazina kosa lolote. Ni za dharura tu. Lakini kilichoandikwa na kalamu moja kinaweza kuandikwa na nyingine, na mwigo umejaa. Hapo nasaba si pambo la bei. Nasaba ndiyo bei yenyewe.

Najua atakayenijibu: “Na ile ndege ya Marekani iliyopinduka?” Swali zuri, maana stempu hiyo ndiyo iliyoijenga imani hii duniani kote. Mei 1918 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 24 kwa barua za ndege, yenye picha ya ndege ya Curtiss Jenny. Ilichapwa kwa rangi mbili, kwa hiyo kila karatasi ilipita mashinini mara mbili. Karatasi moja ilipitishwa ikiwa imegeuzwa, ndege ikatoka miguu juu. Tarehe 14 Mei, mkusanyaji aitwaye William Robey aliinunua karatasi hiyo dirishani mjini Washington kwa dola 24. Haukupita muda akaiuza kwa dola 15,000. Novemba 2023 stempu moja tu kati ya zile iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Watu husimulia hadi hapo wakaishia. Mimi nawaomba waendelee. Stempu hizo si moja, ni 100. Kabla ya karatasi kukatwa, kila stempu iliandikwa nambari yake mgongoni kwa penseli, kutoka 1 hadi 100. Iliyouzwa mwaka 2023 ni nambari 49. Mwaka 1955 stempu nne zilizoshikana, mali ya mkusanyaji Ethel McCoy, ziliibwa kwenye maonyesho huko Norfolk, Virginia. Mwizi alizitenganisha na kuzibadilisha sura ili zisitambulike. Hata hivyo tatu kati ya hizo zikatambulika moja baada ya nyingine, kwa kuwa nafasi ya kila stempu ilijulikana. Mwaka 2016 nambari 76 ilijitokeza New York na kurudishwa kwa maktaba ya utafiti wa stempu ya Marekani, ambayo McCoy aliiachia haki zake. Stempu mia, na karibu kila moja ina wasifu wake: ilikuwa kwa nani, ikauzwa lini, ina ufa wapi. Hiyo siyo hadithi ya kosa lililoleta fedha. Ni hadithi ya kosa lenye daftari la uzazi.

Ukitaka ushahidi kwamba kosa lenyewe halina thamani, hebu tazama ndugu wa ndege hiyo, aliyefuata miaka 44 baadaye. Septemba 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa katika safari ya kutafuta suluhu ya vita vya Kongo. Oktoba 1962 Marekani ikatoa stempu ya senti 4 ya kumkumbuka. Katika baadhi ya karatasi rangi ya manjano ya nyuma ilichapwa ikiwa imepinduka. Sonara mmoja wa New Jersey, Leonard Sherman, akajikuta na karatasi ya stempu 50 za namna hiyo. Akatangaza kwa furaha. Mkuu wa Posta wa Marekani, J. Edward Day, alipoona magazetini hesabu za utajiri, alitoa amri ambayo haikuwahi kusikika: kosa lichapwe tena, kwa makusudi. Zikachapwa milioni 40.

Manjano ilikuwa imepinduka vilevile. Mtu akiweka stempu ya Sherman na ile ya amri upande kwa upande, kosa ni lilelile. Lakini utajiri uliyeyuka, na hadi leo stempu ya kosa la Hammarskjöld unaweza kuinunua kwa fedha ya maandazi. Sherman mwenyewe alipewa uthibitisho kwamba karatasi yake ilikuwa ya kosa la kwanza, lisilokusudiwa, na baadaye akaitoa zawadi kwa chama cha wakusanya stempu cha Marekani. Kwa maneno mengine, kilichobaki na thamani katika kisa hiki chote kilikuwa ile karatasi ya uthibitisho. Kosa lenyewe liligeuka kuwa bidhaa ya kawaida siku lilipokuwa la kila mtu.

Nasi tunalo letu la namna hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani ziligongwa muhuri wa “JAMHURI 1964”. Zile za kwanza ziligongwa kwa mkono, haraka, na baadaye zikafuata zilizochapwa kwa mashine. Mkono haugongi kama mashine. Ziko zilizolala upande, zilizopinduka, zilizogongwa mara mbili. Nimeona watu wazima wakigombania stempu ya “JAMHURI” iliyosimama kichwa chini kana kwamba ni ile ndege ya Marekani. Kwa muhuri wa mkono, kupinduka si ajali ya nadra; ni kawaida ya kazi, na anayetaka kupindua zaidi hahitaji kiwanda. Stempu hizo zina uzito mkubwa wa kihistoria, maana zinaonyesha nchi ikibadilisha jina lake juu ya uso wa mtawala aliyeondoka. Mwenye nazo azitunze kwa sababu hiyo. Asizitunze kwa kusubiri milioni za kichwa chini.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami sitalikwepa. Ipo stempu ya Sweden ya 1855, ya skilling tatu, iliyotakiwa kuwa ya kijani na ikachapwa kwa manjano, rangi ya stempu ya skilling nane. Inayojulikana ni moja tu. Mwaka 1996 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Je, huo si upekee mtupu uliouzwa? Hapana. Kosa hilo linaelezeka: kipande cha skilling tatu kiliingia mahali pa kipande cha skilling nane wakati wa kupanga chapa. Na kuelezeka peke yake hakukutosha. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Sweden waliitilia shaka, wakaitamka ya kughushi. Baadaye ikachunguzwa upya na kuthibitishwa kuwa halali. Karatasi ilikuwa ileile kabla ya shaka na baada yake. Manjano ilikuwa ileile. Kilichopanda na kushuka ni imani katika asili yake. Upekee bila nasaba ungeiacha stempu hiyo bila mnunuzi.

Kisha kuna kisa cha Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ambacho napenda kuwapa wale wanaosema makosa ndiyo yaliyofanya stempu maarufu ziwe maarufu. Mwaka 1847 mchongaji Joseph Barnard wa Port Louis alichonga stempu za kwanza za kisiwa, ya penny moja na ya pence mbili, 500 kwa kila aina. Zina maneno “Post Office”. Mwaka 1848 zilizofuata zikaandikwa “Post Paid”. Wasimulizi wakatunga: eti Barnard alisahau maneno, akatoka nje, akaona kibao cha ofisi ya posta, akaandika alichokiona. Hadithi tamu, lakini wachunguzi waliikataa zamani, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa tayari yakitumika kwenye mihuri ya posta ya kisiwa hicho. Hapakuwa na kosa. Zimebaki ishirini na kadhaa tu, na bei zake ni za mamilioni.

Kosa la kweli la tahajia liko katika toleo lililofuata. Katika stempu ya pence mbili ya “Post Paid”, kila nafasi ya bamba ilichongwa kwa mkono peke yake, na nafasi ya saba kati ya kumi na mbili ikatoka “PENOE” badala ya “PENCE”. Hilo ni kosa halali, la kudumu, lenye nafasi inayojulikana. Na bei yake, ingawa si ndogo, haifiki hata karibu na ile ya stempu isiyo na kosa. Basi tazama mambo yalivyojipanga: isiyokosewa inauzwa kama jumba, iliyokosewa kweli inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kama kosa ndilo lingekuwa mzazi wa thamani, orodha hii ingesomeka kinyume.

Kwa hiyo, mwenye albamu ya babu afanye nini? Kwanza aitambue stempu kabla ya kulitambua kosa: nchi, mwaka, rangi, idadi ya meno ya pembezoni, na alama iliyofichwa ndani ya karatasi ambayo huonekana ukiiinua kwenye mwanga. Asiyejua ya kawaida ikoje hawezi kuijua isiyo ya kawaida. Pili, atazame wino wa kasoro: je, ni rangi ileile ya chapa? Uko chini ya mhuri wa posta au juu yake? Kilicho juu ya mhuri kiliingia baada ya barua kusafiri, na kiwanda hakihusiki. Tatu, ajihadhari na rangi iliyopotea. Jua, maji na dawa hula wino. Manjano ikififia ndani ya kijani hubaki bluu, na tapeli anajua kuharakisha kazi ya jua. Nne, asibandue stempu iliyo kwenye bahasha na asiisafishe. Bahasha yenye mhuri wa mji na tarehe ni shahidi, na shahidi hauawi ili kumpendezesha mteja.

La tano linahusu bei, na hapa imani ya mtaani ina tawi lake. Watu hufungua katalogi, wakaona tarakimu, wakaanza kugawana urithi. Bei ya katalogi kwa kawaida ni ile ambayo muuzaji angependa kulipwa kwa stempu safi, yenye meno yote, isiyo na ufa wala mkunjo. Siyo bei atakayokupa wewe kwa ya kwako iliyolala kabatini miaka hamsini na kuliwa na unyevu wa pwani. Ukweli uko kwenye bei zilizolipwa minadani, na pengo kati ya mbili hizo huwatoa watu machozi. Umri nao haupandishi bei kwa nguvu zake. Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ya 1840, ilichapwa nakala milioni 68 hivi, na hata leo haihitaji tajiri kuinunua iliyotumika.

Mtu anaweza kuniambia nimeuondoa utamu wote: kama kila kitu ni bamba, nafasi na cheti, stempu imebaki na nini? Imebaki na kilicho bora zaidi. Kwa sababu kasoro za kudumu zina nafasi, watu wenye subira wameweza kukusanya stempu zilizotawanyika duniani, moja kutoka mnada huu, nyingine kutoka bahasha ile, na kwa kufuatana na mikwaruzo na vivuli wakaijenga upya karatasi nzima ambayo haipo tena popote. Bamba liliyeyushwa zamani, fundi alizikwa zamani, lakini mahali mkono wake ulipoteleza panajulikana hadi leo. Hapo kasoro si bahati nasibu ya kumtajirisha mtu. Ni alama ya kidole cha kazi iliyofanywa na binadamu.

Nilimweleza kijana haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa, maana chai ilikuwa inapoa. Alisikiliza, kisha akaifunga albamu taratibu.

“Kwa hiyo mzee, hiki kitone ni uchafu tu?”

“Sijasema hivyo, mwanangu. Nimesema bado hakina ndugu. Kitafutie pacha: stempu kama hii, kitone mahali hapohapo karibu na sikio. Ukiipata ya pili, rudi tuongee. Ukiipata ya tatu, nitakufuata mimi nyumbani kwenu.”